Novemba Niliponunua Kahawa Yangu Mwenyewe

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya msimu, Mzee Mgala alinipa jiwe nilipime.

Mzee Mgala alikuwa karani wa mizani wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa Hasamba, na mimi ndio kwanza nilikuwa nimeajiriwa kuwa msaidizi wake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha darasa la saba, na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Jiwe lilikuwa limeandikwa 20 kwa rangi nyeupe. Nikaliweka juu ya mizani. Mshale ukasimama kwenye ishirini na robo.

“Mizani inasemaje?” akaniuliza.

“Ishirini na robo, mzee.”

“Na jiwe?”

“Ishirini.”

“Sasa nani mwongo hapo?”

Nikautazama tena mshale. Akainama, akapitisha kisu chini ya bamba la mizani, akatoa tope lililokauka la msimu uliopita. Nikapima tena. Ishirini kamili.

“Hapa hakuna mwongo, kijana. Kuna uchafu. Kila asubuhi kabla mkulima hajaweka gunia lake, wewe tafuta uchafu uko wapi.”

Nimefanya hivyo kwa miaka thelathini na mbili, na wiki mbili zilizopita nilikabidhi ufunguo wa ghala. Ninyi mnaobaki na mizani mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa kiasi gani mtazikuta kwenye mafaili, na mafaili hayo yanaliwa na panya kwa kasi nzuri tu. Mimi nitaandika jambo moja nililojifunza mbele ya mizani ile, ambalo mpaka leo nikilifikiria naona kama nilionyeshwa muujiza mchana kweupe. Ni habari ya deni langu.

Miaka yangu mitano ya kwanza ilikuwa ya kujifunza mikono ya watu. Nilijifunza kwamba gunia tupu lina uzito na gunia tupu lililolowa lina uzito zaidi, na kwamba mkulima anayekusalimia mara tatu ana jiwe katikati ya gunia. Nilijifunza kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuitambua kahawa ambayo haijakauka kwa ubaridi wake. Kahawa tuliyopokea ilikuwa ya maganda, yaani iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kuanikwa, ikabaki na ganda lake jembamba la ndani. Ikikauka sawasawa hulia ukiitikisa kiganjani. Mzee Mgala aliisikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

Kitabu changu cha kwanza cha utunzaji wa hesabu nilikinunua Tunduma, kwa muuza mitumba aliyekiweka juu ya rundo la suruali. Hakikuwa na jalada wala kurasa kumi za mwanzo. Nilikisoma mara nne. Hivyo najua kutunza hesabu kuanzia ukurasa wa kumi na moja.

Mzee Mgala alipostaafu nikashika nafasi yake. Nilikuwa na mke, Mama Neema, watoto watatu, na shamba la miche mia sita ya kahawa niliyorithi kwa baba. Tulikuwa pia na eneo la mahindi upande wa bondeni. Watu walianza kuniita Bwana Mizani. Wakulima walikuja kwangu na maswali ya mbolea, ya ada za shule, hata ya mahari. Niliwajibu wote. Mtu akishazoea kujibu hesabu za wenzake hupata wazo kwamba hesabu zinamtii.

Sasa niwaeleze goma, kwa sababu wengine mmetoka wilaya ambazo hazina kahawa. Mwezi wa kumi na kumi na moja, mkulima wa huku hana pesa. Mahindi aliyovuna mwezi wa sita ameshayauza kwa haraka, kahawa iko mtini, na shule zinakaribia kufunguliwa. Anakwenda kwa mtu mwenye pesa, anamwuzia kahawa ambayo bado ni ua. Kipimo ni ndoo ya lita ishirini iliyojazwa kahawa ya maganda mpaka ikavimba juu. Ndoo hiyo moja ndiyo goma moja. Wakati ule ulipewa shilingi elfu kumi kwa goma. Ikifika Julai unampelekea ndoo yake, ambayo nimepima zaidi ya mara mia na huwa ina kilo tisa hivi. Kwa bei ya chama ya siku hizo, shilingi elfu tatu kwa kilo, ndoo hiyo ilikuwa na thamani ya elfu ishirini na saba.

Nililijua hili kuliko mtu yeyote kijijini. Nilikuwa nikiwahubiria wakulima pale pale kwenye mizani.

Kisha ukaja mwaka wa maua. Mvua ya kwanza ilinyesha, ikakatika, na siku ya tisa asubuhi nilitoka nje nikadhani kuna ukungu. Haukuwa ukungu. Kilima kizima kilikuwa cheupe, kutoka kwetu mpaka kwa jirani wa nne, matawi yamefunikwa hata majani hayaonekani, na harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba nyuki walisikika kabla ya jogoo. Nilisimama pale na mswaki mdomoni. Sijaona tena maua kama yale.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaingia ndani kunywa chai. Mimi nilichukua daftari. Nilichagua miche ishirini, nikahesabu matawi, nikahesabu vishada kwa kila tawi na maua kwa kila kishada, nikatoa theluthi moja kwa ajili ya yale yatakayopukutika, nikazidisha mpaka miche mia sita. Nikapata ndoo sitini. Nikarudia kwa miche mingine ishirini. Sitini na moja. Siku ya pili nikaenda kwa Bwana Sinkala, mnunuzi wa goma wa kijijini kwetu, nikamwuzia goma hamsini. Akanihesabia laki tano taslimu. Nikanunua mabati arobaini.

“Bwana Mizani leo umekuja mwenyewe,” alisema Sinkala huku akiandika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya upole na duka la sabuni na chumvi. “Nilidhani wewe ni wa kuwazuia wenzako tu.”

“Mimi nimehesabu,” nikamjibu.

“Basi kama umehesabu.”

Hesabu yangu haikuwa na kosa. Nimeikagua tena mwaka huu na bado haina. Lakini mvua ilikaa wiki tano bila kurudi, na iliporudi ilikuja na mawe. Nilivuna ndoo thelathini na moja. Nilimpelekea Sinkala zote, nikabaki na deni la kumi na tisa.

Utaratibu wa goma ni kwamba ndoo iliyokosekana msimu huu inarudi ndoo mbili msimu ujao. Kumi na tisa zikawa thelathini na nane. Neema alikuwa ameingia sekondari ya bweni, nikauza goma ishirini nyingine. Hamsini na nane. Nikavuna thelathini na nne, zikabaki ishirini na nne, zikageuka arobaini na nane. Mwaka uliofuata mama yangu aliugua, nikauza kumi na tano. Sitini na tatu. Miche ilikuwa imechoka, mbolea sikununua, nikavuna ishirini na nne tu. Zikabaki thelathini na tisa.

Thelathini na tisa mara mbili ni sabini na nane. Shamba langu halijawahi kutoa ndoo sabini na nane, hata enzi za baba.

Nilijaribu kulipa kwa pesa, kidogo kidogo. Sinkala akakataa kwa adabu. Huku kwetu deni la kahawa hulipwa kwa kahawa. Kumpelekea mtu wa goma noti mkononi ni kama kumrudishia mtu mboga aliyokupa. Na akikubali, anakubali kwa bei ya ndoo ya Julai.

“Bwana Mizani,” aliniambia mwisho wa msimu huo wa tatu, tukiwa tumekaa kwenye benchi la dukani kwake, “tuongee kama watu wazima. Sabini na nane huwezi.”

“Siwezi.”

“Mimi sitaki ugomvi na wewe. Nakupa msimu mmoja. Ukifika Agosti ya mwakani hujamaliza, shamba nalishika mimi misimu sita. Utalilima, nitakulipa kibarua kama wengine. Baada ya hapo unarudishiwa.”

Alisema kwa upole ule ule. Nilijua mashamba mawili yaliyoshikwa namna hiyo, na hakuna hata moja lililokuwa limerudi. Mtu akifanya kibarua kwenye shamba lake misimu sita, mwaka wa saba anauza goma ili ale.

Nilimwambia Mama Neema jioni hiyo, kabla ya ugali. Hakupiga kelele. Aliinua macho akatazama mabati.

“Ndiyo maana mvua ikinyesha yanapiga kelele vile,” akasema.

Wiki hiyo hiyo ndipo Mama Leya alipokuja kupima.

Mama Leya alikuwa mjane wa upande wa juu, mwanamke mfupi aliyeimba sauti ya pili katika kwaya na kutembea kwa miguu mpaka Mbozi Mission kila kulipokuwa na ibada kubwa. Hakujua kusoma. Marehemu mumewe alimwachia miche mia tatu, watoto watano, na deni la goma arobaini kwa Sinkala. Hilo nililijua kwa sababu kijijini kila mtu alilijua. Kilichonishangaza ni kwamba siku hiyo alileta magunia matatu ya kahawa ya maganda kwenye mizani ya chama. Mtu mwenye deni la goma haleti kahawa kwenye chama. Anaipeleka kwa mwenye ndoo.

Nikapima. Nikaandika stakabadhi. Kisha nikashindwa kujizuia.

“Mama Leya, samahani. Sinkala hajui kama umeleta huku?”

“Anajua. Kanisaidia kufunga gunia.”

“Na goma zake?”

“Zimekwisha tangu mwaka juzi.”

“Zimekwisha vipi? Ulivuna wapi ndoo arobaini?”

Akacheka mpaka akashika ukingo wa mizani. “Wewe Bwana Mizani unapima kahawa yetu yote, halafu unaniuliza mimi nilivuna wapi? Sikuvuna. Nilinunua.”

“Ulinunua nini?”

“Goma zangu. Hebu niambie, mwanangu. Novemba goma moja ni shilingi ngapi?”

“Elfu kumi.”

“Akiuza Sinkala kwa wenzake wa Vwawa?”

Nikafikiri. Wanunuzi wa goma huuziana, hilo nililijua. Mmoja akiishiwa pesa huwauzia wenzake zile ndoo alizoandika daftarini. “Labda kumi na nne. Kumi na tano.”

“Na Julai?”

“Ishirini na saba.”

“Sasa ninyi wanaume mnakwenda kumlipa Julai.” Alisema neno Julai kama mtu anayetaja ugonjwa. “Mimi nilikwenda Novemba. Sikumwambia nimekuja kulipa. Nikamwambia, Bwana Sinkala, nasikia unauza goma, na mimi nataka kununua, niuzie zilizoandikwa jina langu.”

Nilikaa juu ya gunia lake.

“Akakubali?”

“Alikasirika kidogo. Kisha akakumbuka kwamba nje kuna watu tisa wanasubiri kumwuzia goma na yeye sanduku limekauka. Novemba yeye ndiye mwenye njaa, baba. Njaa yake ni ya noti.”

“Na wewe Novemba pesa ulizitoa wapi?”

“Mahindi. Yale mnayouza Juni kwa haraka, mimi nayafungia ndani. Mpaka wakati wa maua yameshapanda bei mara mbili kasoro kidogo.” Akachukua stakabadhi yake, akaikunja mara nne, akaitia kwenye fundo la kitenge. “Sinkala hanunui kahawa yenu, Bwana Mizani. Ananunua Novemba yenu. Ukishakuwa na Novemba yako mwenyewe, yeye ni muuza sabuni tu.”

Akaondoka. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wakulima kumi na wawili, na mmoja akauliza kama mizani imekufa. Haikuwa imekufa. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama nikitazama njia aliyopita mwanamke ambaye hakujua kusoma tarakimu nilizomwandikia, lakini aliona bei ya deni ikipanda na kushuka kwa mwaka kama mtu anavyoona kivuli cha nyumba yake. Nilikuwa na kitabu cha hesabu kuanzia ukurasa wa kumi na moja, na hilo halikuwemo. Nilikuwa nimepima kila kitu kijijini isipokuwa deni lenyewe. Nililihesabu kila siku, lakini sikuwahi kuuliza linauzwa shilingi ngapi, na lini.

Nikaenda nyumbani nikamweleza Mama Neema. Alisikiliza akiwa amesimama, kijiko mkononi.

“Tuna magunia mangapi ya mahindi?” akauliza.

“Ishirini na sita.”

“Ulikuwa unataka kuyauza lini?”

“Jumamosi.”

“Huyauzi.”

Ndivyo tulivyoanza. Tulitenga tisa ya kula. Matatu tuliyauza pale pale kwa elfu thelathini na tano kila moja ili Neema asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada. Kumi na manne tuliyaweka kwenye chumba nilichokuwa nalala mimi, mimi nikahamia sebuleni. Miezi minne hiyo ndiyo migumu kuliko yote katika habari hii, na haina cha kusimulia: hatukununua nguo, hatukunywa chai yenye sukari, na kila aliyekuja kukopa aliyaona magunia kupitia mlango akaamini kwamba tunamnyima. Shemeji yangu aliacha kunisalimia. Kwenye mizani wakaanza kuniita Bwana Ghala.

Mwanzoni mwa Novemba nikafungua magunia kuyakagua. Mawili yalikuwa unga. Dumuzi walikuwa wameingia kutoka ukutani, na ukiweka sikio ungewasikia wakitafuna. Niwaambie ninyi vijana, mahindi ya kuhifadhi yatieni dawa siku mnayoyafunga, na gunia lisiguse ukuta. Nilikuwa nikiwaeleza hivyo wakulima kila mwaka.

Yakabaki kumi na mawili. Nikayapima moja moja kwenye mizani ya chama, kilo mia kamili, nikayashona. Mama Leya alikuwa amenionya: ukifika Tunduma na gunia lisilo na kipimo, watakujazia lumbesa, lile gunia la nundu linalobeba kilo mia na thelathini kwa bei ya mia, na utashukuru.

Nilipeleka sita kwanza, juu ya Fuso iliyokuwa ikienda mpakani. Nilikuwa nimefika Tunduma mara nyingi, lakini kila mara nikiwa mtu wa kununua kitu kidogo. Siku hiyo nilikuwa na kitu cha kuuza, na mji ulionekana mwingine. Malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka mpakani mpaka sikuona mwisho wake, ya shaba yakija, ya mafuta na mahindi yakienda, madereva wamekaa kwenye vivuli vya matairi wakipika. Wabadilisha pesa walishika kwacha na shilingi mkono mmoja kama karata. Wanawake wa upande wa pili walipita wakisalimia, “Mulishani!” na wauzaji wetu wakiitikia, “Bwino!” kabla ya kutaja bei. Nilielewa kwamba watu wote wale walikuwa wakila kitu ambacho sisi Juni tunakitupa. Kulikuwa na njaa kubwa iliyolala ng'ambo ya mpaka, yenye pesa mkononi, nayo huamka kila mwaka wakati kahawa yetu inachanua. Nimeishi umbali wa saa moja na nusu kutoka pale maisha yangu yote.

Mfanyabiashara niliyeelekezwa alikuwa Alhaji Bakari, mzee wa Tanga aliyekaa Tunduma miaka mingi na kusafirisha nafaka.

“Kilo ngapi?” akaniuliza.

“Mia, mia. Nimepima mwenyewe.”

“Wote wanasema wamepima wenyewe.” Akaweka gunia la kwanza kwenye mizani yake. Mia. La pili. Mia. Akaacha kupima, akanitazama juu ya miwani. “Wewe kazi yako nini, ndugu yangu?”

“Karani wa mizani.”

“Subhanallah. Makarani waaminifu bado wapo?” Akanipa elfu sitini kwa gunia, elfu mbili juu ya waliotangulia. “Hiyo elfu mbili ni ya usingizi wangu. Leo sitagombana na dereva.”

Nauli ya mzigo ilikuwa elfu mbili kwa gunia. Nikarudi na laki tatu na arobaini na nane elfu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa dukani kwa Sinkala. Kulikuwa na watu saba kwenye benchi, na wote walikuja kuuza goma. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema kama nilivyofundishwa.

“Bwana Sinkala, sikuja kulipa. Nimekuja kununua.”

Aliweka kalamu chini taratibu. “Mama Leya.”

“Ndiyo.”

“Yule mama ataniua.” Watu kwenye benchi wakacheka bila kujua wanacheka nini. “Unataka ngapi?”

“Ishirini. Kwa kumi na nne.”

“Kumi na nne nawauzia watu wa Vwawa, wanachukua mia kwa mkupuo. Kumi na saba.”

“Vwawa watakulipa lini?”

Akatazama benchi. Mtu wa mwisho alikuwa amebeba mtoto mwenye barua ya shule. “Kumi na tano,” akasema. “Na usimfundishe mtu mwingine.”

Nikahesabu laki tatu. Akafungua daftari, akatafuta jina langu, akafuta sabini na nane, akaandika hamsini na nane. Zile ndoo ishirini zilikuwa zikichanua mtini wakati huo huo, na zilikuwa zangu.

Magunia sita yaliyobaki niliyapeleka katikati ya Desemba. Alhaji alinipa elfu sitini na mbili, nikabaki na laki tatu na sitini baada ya nauli. Pamoja na elfu arobaini na nane za mwanzo nilikuwa na laki nne na nane elfu. Sinkala alipandisha bei mpaka elfu kumi na sita na akakataa kushuka. Nikanunua ishirini na tano, laki nne kamili. Zikabaki goma thelathini na tatu na mfukoni elfu nane.

Thelathini na tatu ndiyo ilikuwa namba ya maisha yetu. Shamba lingetoa ndoo thelathini na tatu, tungebaki nalo. Lingetoa thelathini na mbili, hapo tungekuwa mikononi mwa upole wa Sinkala. Mwaka huo sikuhesabu ua hata moja. Nilikata matawi yaliyokufa na kubeba samadi kwa ndoo. Mama Neema alipalilia miche mia sita kwa jembe lake, na mvua ilipokatika Januari alianza kumwagilia ile ya ukingoni kwa maji ya kuoshea vyombo. Nikamwambia haisaidii kitu. Akasema anajua.

Mvua ikarudi baada ya siku kumi na moja.

Tulianza kuchuma mwishoni mwa Mei. Kila ndoo iliyokauka niliandika mstari mmoja ukutani kwa mkaa. Ya thelathini ilikamilika Jumanne. Ya thelathini na tatu Ijumaa ya wiki iliyofuata, na vitanda vya kuanikia vilikuwa bado vimejaa. Mama Neema alizunguka vile vitanda mara mbili, akashika kahawa kwa mikono yote miwili, akairudisha. Jumla ilikuwa arobaini na moja.

Sinkala alipokea thelathini na tatu, akajaza ndoo yake mpaka ikavimba kila mara, hakutusamehe hata nundu moja. Kisha akapiga mstari kwenye jina langu kwa rula. Nilipenda kwamba alitumia rula.

Ndoo nane tulizipeleka chama. Karani haruhusiwi kupima kahawa yake, hilo mnalijua, na msilivunje hata kama foleni ni ndefu. Mhasibu alitoka ofisini akanipimia huku mimi nimesimama upande wa wakulima kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa maua. Nilikadiria kilo sabini na mbili. Mizani ikasoma sabini na moja na nusu. Nilitaka kumwuliza kama amefagia chini ya bamba, nikakumbuka kwamba asubuhi hiyo nilikuwa nimefagia mimi.

Agosti ilipofika tulikuwa shambani, tukipunguza matawi yetu.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka kumi na mitatu mingine. Ahadi ya kutomfundisha mtu sikumpa Sinkala, na sikuitimiza. Kila Juni, mkulima akileta kahawa kidogo kuliko ninavyolijua shamba lake, nilimwuliza kwa sauti ya chini ana magunia mangapi ya mahindi. Wengine walinitukana. Wengine waliyafunga ndani. Mizani ya mshale iliondoka ikaja ya kidijitali, ambayo nayo hushikwa na uchafu ila haionyeshi. Nanyi vijana mna goma zenu zinazokaa ndani ya simu, mnakopa elfu ishirini saa nne na kufikia Ijumaa mnadaiwa thelathini, na wengine mmeacha kadi zenu za benki kwa wakopeshaji wa kausha damu. Sina la kuwacheka. Nawaomba tu mwulize swali nililoulizwa mimi: deni lako, mwezi gani ni rahisi, na mwezi huo wewe una nini mkononi? Mwenye kukudai naye ana siku yake ya njaa. Itafuteni, mjiwekee akiba kwa ajili ya siku hiyo, na mwende kwake mkiwa wanunuzi.

Nilipomaliza kuandika hapa nilimsomea Mama Neema. Alikuwa akichambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Umewaandikia tulivyotoka,” akasema. “Hujawaandikia kilichobaki huko. Wataona ni hadithi tamu.”

“Hesabu yenyewe sijawahi kuipiga.”

“Miaka yote hiyo? Wewe?”

Ni kweli. Nilikuwa nimeiogopa. Nikachukua daftari, naye akasogea karibu, akanisomea ndoo kwa kichwa: thelathini na moja, thelathini na nne, ishirini na nne, thelathini na tatu. Jumla mia moja ishirini na mbili. Kwa elfu ishirini na saba kila moja, ni milioni tatu, laki mbili na tisini na nne elfu. Nikaongeza laki saba tulizonunulia goma zetu wenyewe. Nikatoa zote alizowahi kutupa Sinkala mkononi: laki tano, laki mbili, na laki moja na nusu. Nikarudia hesabu mara ya pili, kisha nikamgeuzia daftari aone.

Tulipoteza shilingi milioni tatu, laki moja na arobaini na nne elfu.